«Hakuna matata» haikuzaliwa na filamu

Salaam, ndugu yangu. Umeuliza iwapo msemo «hakuna matata» ulibuniwa na watunga filamu wa Marekani, kwa kuwa nyumbani kwenu Tanzania huusikii ila mtu anapozungumza na watalii.

Kwanza linganisha miaka. Filamu ya The Lion King ilitoka mwaka 1994, ilhali bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikwisha kurekodi «Jambo Bwana», wimbo wenye maneno hayo, mwaka 1982. Kisha litazame neno lenyewe. Uzi ukijisokota hata usiione ncha yake, tunasema umetatana. Na katika ukoo huohuo wa maneno tunapata utata, tatizo, kutatanisha, na hata kutatua, yaani kulifungua fundo. Hili ni neno letu, tena lenye mizizi mirefu, na huniuma kusikia likihesabiwa kuwa zawadi ya wageni.

Kuhusu matumizi, umesikia sawasawa. Nimewafundisha wageni Kiswahili, na wengi hufika darasani wakiujua msemo huu kabla ya salamu. Huwaeleza kwamba Tanzania watu husema zaidi «hamna shida» au «hakuna tatizo». Hata hivyo «matata» halijafa: mtoto matata ni mtundu anayewahangaisha wazazi, lakini mchezaji akiitwa matata, hapo anasifiwa.

Mwaka 2003 Disney, kampuni iliyotoa filamu hiyo, ilisajili maneno «hakuna matata» nchini Marekani kama alama ya biashara kwenye mavazi. Usajili huo haukuzuii wewe kuyatamka.