Ukitaka kujua kwa nini Uganda hupeleka jeshi nje, anza na Katiba

Wadogo zangu mnaoanza masomo ya uhusiano wa kimataifa hapa Uganda, mkiulizwa kwa nini nchi yetu hupeleka wanajeshi ng'ambo ya mipaka, wekeni kando hotuba za sikukuu. Chukueni Katiba ya 1995, msome Jedwali la Tatu linalotaja jamii za asili za Uganda. Wamo Wanyarwanda, Wakakwa, Walugbara, Waacholi, Wasamia, watu wenye ndugu zao Rwanda, Kongo, Sudan Kusini na Kenya. Nchi inayojitambulisha hivyo kisheria haiwezi kuona vita vya jirani kama habari za mbali. Hata Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inayowaruhusu wageni hao kufanya kazi na kutembea nchini, huielewi vizuri bila kujua kwamba Waganda wengi, wakiwemo viongozi, waliwahi kuwa wakimbizi wenyewe.

Somalia ndiyo mfano ninaopenda mkae nao muda mrefu. Machi 2007 wanajeshi wetu walikuwa wa kwanza kuingia Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika. Tarehe 11 Julai 2010 al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, wakalipua mabomu Kampala na kuua watu zaidi ya 70. Serikali haikuondoa jeshi. Chama tawala hujieleza kama wakombozi na wana wa umajumui wa Afrika, yaani umoja wa Waafrika wote. Museveni alisoma Dar es Salaam wakati wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipokuwa wamepiga kambi huko, na Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, kumng'oa Idi Amin. Serikali yenye historia hiyo ingewaambia nini wananchi kama ingekimbia?

Lakini msiishie hapo, maana ndipo insha nyingi zinapolegea. Kazi ya Somalia ilileta pia fedha, mafunzo na urafiki wa mataifa makubwa. Mimi naamini utambulisho uliirahisishia serikali kujieleza kwa raia, ila peke yake usingelipa gharama ya miaka yote ile. Pimeni hoja yenu kwa Kongo, ambako jeshi letu pia liliingia. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa huko, na 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Undugu wa Kiafrika hauelezi uporaji wa madini uliotajwa katika hukumu ile. Mkiandika kana kwamba unaeleza, mtakuwa mnawadhulumu watu wa Ituri na Kisangani.

Tena, taifa halina sauti moja. Aliyekulia Gulu, kaskazini, wakati wa vita vya waasi wa LRA, akaishi kambini, halitazami jeshi kama aliyekulia Mbarara, magharibi. Kabla ya kuandika "Uganda inaamini", tajeni ni nani anayeamini, na mtafute angalau mtu mmoja wa kaskazini wa kuwasomea rasimu.