Rasiberi: nifyeke mashina au niyaache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepanda miche minne ya rasiberi nyekundu aina ya Heritage nyuma ya nyumba yangu hapa Syracuse, New York. Jirani mmoja asema shina likishazaa nisiliguse, mwingine asema nifyeke yote. Nimsikilize nani? (Mama Furaha)

JIBU: Marahaba, Mama Furaha. Wote wana hoja, ila mimi hufyeka. Rasiberi nyingi huota mashina mwaka huu, yakazaa mwaka ujao. Heritage, iliyotolewa mwaka 1969 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, si mbali na kwako, huzaa kwenye ncha za mashina ya mwaka huohuo, kuanzia mwisho wa Agosti au Septemba. Ukiyaacha, sehemu ya chini itazaa tena kiangazi kinachofuata, kisha shina hufa. Unapata mavuno mawili, lakini kichaka husongamana, kuchuma kukawa kuchanwa miiba.

Mimi nafyeka Machi, karibu na udongo, kabla machipukizi hayajatoka. Tunda la Heritage si kubwa, ila ni tamu na gumu kiasi, halipondeki upesi kikapuni. Likiiva huchomoka lenyewe. Likikataa, liache siku moja zaidi.

Wasiwasi wangu ni jalidi. Heritage huchelewa kuiva, na baridi ya Oktoba hukuta matunda mengine bado mabichi. Ipe jua la kutwa, na usiipande panapotuama maji, mizizi itaoza. Machipukizi yanayoibuka njiani yang'oe mapema. Yangu yalishavuka ua hadi kwa jirani.