Tembo wa Rafia na kile kipande cha Shamu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma kuhusu falme zilizogawana himaya ya Alexander, na kuna mambo mawili yananitatiza. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaandika kwamba katika mapigano ya Rafia tembo wa Misri, waliotoka Afrika, waliwaogopa wale wa India kwa kuwa wa India walikuwa wakubwa zaidi. Mimi nakaa Morogoro, tembo wa Mikumi tunawaona wakivuka barabara kuu, na shuleni tumefundishwa kwamba tembo wa Afrika ndiye mkubwa. Nani kakosea? Pili, kwa nini falme mbili, ule wa Misri na ule wa Waseleuko wa Shamu (Syria ya kale), zipigane mara sita kwa eneo lile lile? Halafu, Rafia hiyo ndiyo Rafah tunayoisikia kwenye taarifa ya habari?

JIBU: Marahaba. Umeyatenganisha maswali ya tembo na ardhi, lakini ukifungua ramani utaona yanakwenda pamoja. Nianze na ardhi, tembo watafuata wenyewe.

Alexander alifariki Babeli mwaka 323 KK bila mrithi wa kueleweka, na majemadari wake wakageukiana. Mwaka 301 KK wanne walikuwa wameungana dhidi ya Antigonus, mzee wa miaka 80 hivi aliyetaka himaya nzima iwe yake, na akauawa vitani Ipsus, katika Uturuki ya leo. Ptolemy, aliyeishika Misri, alikuwa mmoja wa wale wanne, ila Ipsus hakufika. Aliingia kusini mwa Shamu, akasikia uvumi kwamba Antigonus kashinda, akageuza akarudi kwake. Basi washindi walipogawana nyara, wakamnyima fungu asiyepigana. Eneo ambalo Wagiriki waliliita Koile Syria, yaani Lebanoni, Israeli na Palestina za leo pamoja na sehemu za Syria na Yordani, wakampa Seleucus, mmoja wa wale wanne. Seleucus alipokwenda kulichukua, akamkuta Ptolemy keshaingia tena na hana mpango wa kutoka.

Ilikuwa kesi ya shamba ambalo hati anayo huyu, jembe analo yule. Tena wahusika walikuwa marafiki: Seleucus alipofukuzwa na Antigonus miaka ya nyuma, ni Ptolemy aliyempa hifadhi. Kwa hiyo Seleucus alinyamaza kwa heshima ya urafiki, lakini dai hakulifuta. Waliokuja kupigana ni watoto na wajukuu wao, mara sita, kuanzia 274 hadi 168 KK.

Thamani ya kipande hicho? Misri ina ngano tele, ila haina mbao za kujengea meli. Mierezi iko Lebanoni, na mabaharia hodari wako Tiro na Sidoni. Mfalme wa Aleksandria, mji mkuu wa Misri ya wakati huo, aliyetaka kutawala visiwa vya Bahari ya Kati hakuwa na pa kukwepea. Gaza nako misafara ya ubani na manemane kutoka Arabuni ilifikia baharini, na penye soko pana ushuru. Isitoshe, adui akiishika Gaza, kinachobaki kati yake na Delta ya Nile ni jangwa la Sinai na ngome ya Pelusium.

Upande wa pili, mji mkuu wa Waseleuko, yaani uzao wa Seleucus, ulikuwa Antiokia, na katika vita vya tatu Ptolemy III aliiteka Seleucia Pieria, bandari ya Antiokia yenyewe. Askari wa Misri walikaa pale hadi mwaka 219 KK. Hebu fikiria jirani uliyegombana naye anakaa na ufunguo wa geti lako kwa robo karne!

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Mikataba ya zama zile ilikuwa ya mfalme na mfalme, si ya nchi na nchi. Mfalme akifa, amani nayo inalegea. Vita vya pili vilimalizwa kwa ndoa: Antiochus II, mfalme wa Waseleuko, akamweka kando mkewe Laodice, akamwoa Berenice, binti wa Ptolemy II wa Misri. Mwaka 246 KK mabwana hao wawili wakafariki. Berenice na mwanawe mdogo wakauawa, kaka yake Ptolemy III akavuka na jeshi, na hivyo ndivyo vita vya tatu vilivyoanza. Kama umewahi kusoma Danieli sura ya 11, yule binti wa mfalme wa kusini anayepelekwa kwa mfalme wa kaskazini, wafasiri wengi wanasema ndiye huyu.

Sasa tembo. Seleucus alimwachia Chandragupta wa India majimbo ya mashariki, naye akapewa tembo 500. Njia ya nchi kavu ya kuwaleta wengine ilipita ndani ya himaya ya Seleucus, kwa hiyo Misri ilifungiwa mlango. Ptolemy II akageukia kusini. Akajenga vituo kwenye pwani ya Bahari ya Shamu (Bahari Nyekundu), maarufu kikiwa Ptolemais Theron, yaani Ptolemais ya Mawindo, upande wa Sudan ya leo. Tembo walikamatwa bara, wakapakiwa kwenye meli zilizoundwa kwa kazi hiyo, wakashushwa bandarini kaskazini, kisha wakatembezwa jangwani hadi Nile. Ptolemy III alijisifia mawindo hayo kwenye jiwe la maandishi lililokuwa Adulis, Eritrea.

Je, walikuwa wadogo? Kwa muda mrefu jibu la vitabuni lilikuwa kwamba hao walikuwa tembo wa msituni, jamii ya wale wa Kongo, ambao kweli ni wadogo. Maelezo hayo yaliwaridhisha wengi, mimi nikiwemo. Lakini mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya tembo waliobaki Eritrea, yakaonyesha kuwa ni tembo wa savana, ndugu wa hao wa Mikumi. Kwa hiyo mwalimu wako yuko sahihi. Polybius, aliyezaliwa baada ya mapigano yenyewe, nadhani alirudia imani ya zamani ya Wagiriki kwamba wanyama wa India hawana kifani. Au huenda waliofikishwa Misri walikuwa wachanga, maana tembo dume aliyekomaa si mzigo wa kupakia melini kirahisi. Hilo ni kisio langu.

Na uoga wao hauhitaji hoja ya ukubwa. Tarehe 22 Juni 217 KK Ptolemy IV alikuwa na tembo 73, Antiochus III wa Waseleuko alikuwa na 102. Polybius anasema baadhi ya tembo wa Misri walipambana, waliobaki wakashindwa kuvumilia harufu na milio ya wenzao, wakarudi nyuma wakivuruga askari wao wenyewe. Tembo 16 walikufa na wengi wa waliosalia walitekwa.

Aliyeshinda siku ile, hata hivyo, ni huyo huyo Ptolemy. Antiochus alivunja ubavu mmoja wa adui akaukimbiza mbali mno, na huku nyuma askari wa mikuki mirefu wa Misri, wakiwemo Wamisri wenyeji 20,000 waliofunzwa kwa ajili ya vita hivyo, wakaisambaratisha safu yake ya kati. Alipoteza karibu askari wa miguu 10,000. Mwaka 200 KK akarudi na kushinda Panium, kwenye chemchemi za Yordani, wakati kiti cha Misri kikikaliwa na mtoto. Kutoka hapo Misri haikuishika tena Koile Syria kwa kudumu.

Na ndiyo, Rafia ndiyo Rafah, mpakani mwa Gaza na Misri. Jina limebadilika kidogo tu.