Jibu: Beni ya harusini ilitoka wapi?
Ndugu yangu, umeuliza kama beni, ile ngoma ya tarumbeta tunayoicheza harusini hapa Unguja kweli ina asili ya kijeshi. Ndiyo, inayo. Tarumbeta zile, ngoma kubwa na ule mwendo wa kwenda kwa hatua ni kuiga bendi za majeshi ya wakoloni. Beni yenyewe ilianzia mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) vikaisambaza bara kupitia askari. Kwetu Unguja watu wakaigeuza ya kuchekesha, ndiyo hiyo beni iitwayo Mbwa Kachoka. Marehemu bibi yangu akisikia tarumbeta tu, kanga kiunoni, mbio mpaka barabarani! Nampenda kwa hilo mpaka leo.