Usiipe kila ladha seli yake kwenye bango

Mwalimu mwenzangu, usimlipe mchoraji. Umeuliza jinsi ya kuwaonyesha wanafunzi wako hapo Malindi namna ubongo unavyotambua ladha, kisha ukaambatisha bango lenye seli tano za neva: ya utamu, ya uchungu, ya uchachu, ya chumvi na ya umami, yaani ladha ya supu ya nyama. Bango kama hilo niliwahi kuligharimia, rangi ya mafuta juu ya mbao, nikalivusha kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe na kulipakia juu ya basi kwenda kwenye maonyesho ya sayansi, ambako mwamuzi alimwuliza mwanafunzi wangu swali moja tu: je, seli ya chumvi ikikutana na ndimu hunyamaza? Mtoto akajibu kwa ujasiri kwamba hunyamaza, kwa kuwa ndivyo nilivyomfundisha.

Si lazima inyamaze. Mwaka 1941 mtafiti Carl Pfaffmann alirekodi mapigo ya umeme katika nyuzi mojamoja za neva ya ladha ya paka, ile inayopeleka habari kutoka ulimini hadi ubongoni, akakuta nyuzi zilizoitikia asidi na chumvi pia, na nyingine zilizoitikia asidi na kwinini, dawa iliyo chungu. Kwa hiyo ukiusikiliza uzi mmoja peke yake, huwezi kujua kama mnyama ameonja asidi kidogo au chumvi nyingi. Mwezeshaji aliyetuuzia kijitabu cha warsha nilikolitoa bango langu, ambaye hadi leo sijui kama yeye mwenyewe alikisoma, alichukua habari za ulimi, ambako seli nyingi za kupokea ladha huelekea ladha moja, akazibandika kwenye ubongo. (Mbao zile sasa ni mlango wa banda langu la kuku, na kuku hawajalalamikia usahihi wake.)

Utakutana na wanaotaja utafiti wa mwaka 2011 wa maabara ya Charles Zuker, ulioeleza maeneo tofauti ya utamu na uchungu katika gamba, yaani tabaka la nje, la ubongo wa panya. Upo, lakini watafiti wengine wamekuta katika gamba hilo seli zinazoitikia ladha kadhaa, na ubishi unaendelea. Tena, mwitikio wa seli hubadilika kadiri muda unavyopita: mwanzo huonyesha kwamba kitu kimegusa ulimi, kisha aina ya ladha, na baada ya takriban sekunde moja hutenganisha kinachopendeza na kinachochukiza.

Basi usisome ladha katika seli moja, wala katika nukta moja ya wakati. Chora seli zilezile kumi mara tatu, kwa halua, kwa ndimu na kwa shubiri, ukibadilisha idadi ya mapigo ya kila seli, na usiandike jina la ladha juu ya seli yoyote.