Kabla hujanunua nyumba kijijini pwani, nenda siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida

Jamani mimi nilinunua kwa macho. Kijiji kiko ng'ambo ya mto Pangani, unavuka na pantoni mpaka Bweni halafu unapanda boda, nikakuta nyumba ya mawe imeezekwa makuti, minazi, ngalawa mbili zimelazwa mchangani, kimya yaani unasikia mawimbi tu, nikatoa advansi siku ileile. Dalali sijui alinionaje.

Kumbe nilienda siku za maji mafu, bahari inajaa kidogo tu. Wiki iliyofuata mwezi ukaandama, bamvua hiyo, maji yakapanda mpaka ngazi ya kibaraza na kuniachia mwani mlangoni. Kwahiyo nenda mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kama upepo wa kusi unavuma ndo vizuri zaidi, ulale hukohuko. Na ujue sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, nyumba yangu ni ya zamani ndo maana ipo pale, ila kuongeza chumba upande wa bahari nishasahau.

Sasa minazi. Asubuhi moja naamka namkuta mzee na mkwezi wake, nazi zinadondoka pu! pu! uani kwangu wala hakuna aliyenipigia hodi. Nikamwamkia, shikamoo mzee, mbona hivi? Akanijibu kwa upole kabisa, "Marahaba mwanangu. Wewe umenunua nyumba, minazi alipanda marehemu baba." Na ni kweli bana, huku pwani ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule. Tukakaa na mwenyekiti wa kijiji, ikabidi nilipe upya, mti mmoja mmoja tunauhesabu. Nyie ulizeni kila mti wa nani.

Karatasi ya dalali isikutie moyo. Ardhi ya kijiji inaendeshwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kwahiyo ishu lazima ipite halmashauri ya kijiji na upewe muhtasari wa kikao wenye mhuri, na warithi wote wasaini, hata yule dada aliyeolewa Mombasa, maana huyo ndo atakuja siku umemaliza kupaka chokaa.

Halafu maji. Niliuliza kisima kina maji nikaambiwa yapo, na kweli yapo, ila sikuyaonja, na chai yangu mpaka leo ina chumvi.