Tangi la samaki la futi sita: mikanda ya kioo au wazi juu?

SWALI: Ndugu wahariri, nataka kutengenezewa tangi la samaki la sebuleni, urefu sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Nitafuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Fundi vioo anasema lazima aweke mikanda ya kioo juu. Mimi nayapenda yale yaliyo wazi, yasiyo na kitu ukingoni. Kioo alichonacho ni cha milimita 12. Nimsikilize?
Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Msikilize, maana anajua anachosema. Kinachosukuma kioo ni kina cha maji, wala si wingi wa lita. Ukijaza kina cha sentimita 60, kioo chako cha mbele kinabeba msukumo wa kilo 320 hivi. Ukishusha kina hadi 45, unabaki kama kilo 180. Kimo kimepungua kwa robo tu, mzigo umekaribia nusu.

Kioo hicho kimeshikwa chini na ubavuni, lakini juu katikati hakishikwi na chochote. Hapo ndipo kinapobenuka. Mara nyingi kinachoshindwa kwanza ni silikoni ya kona za juu: inavutwa usiku na mchana, inaanza kuachia uzi mmoja mmoja, na utaiona imegeuka nyeupe au ina vipovu kabla haijavuja. Kazi ya mkanda ni kuzuia mvuto huo.

Kwa vipimo vyako, mwambie fundi akate vipande vya kioo kilekile cha milimita 12, upana sentimita 6 hadi 8, avilaze bapa kuzunguka ndani ya tangi, chini kidogo ya ukingo. Kisha mikanda miwili ya kukatiza, upana sentimita 12, kila mmoja kwenye theluthi ya urefu. Hii ya kukatiza ilale juu ya ile mirefu, isigote tu ubavuni mwake. Silikoni ina nguvu sana vioo vinapolaliana. Kiungo cha kugotanisha ukingo kwa ukingo kina eneo dogo mno la kushikia. Utabaki na matundu matatu ya karibu sentimita 47 kwa 45, kwa hiyo pima mawe yako kabla hujayanunua. Mawe yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, juu ya kipande cha plastiki, ndipo mchanga umwagwe. Mbuna huchimba, na jiwe lililoegemea mchanga litaangukia kioo.

Ukishikilia lazima liwe wazi, una njia mbili. Ya kwanza ni kioo kinene: milimita 15 ndiyo ya chini kabisa kwa kimo cha 60, na sisi tungechukua 19. Vioo vitupu vya milimita 19 vina uzito wa karibu kilo 190, na si kila duka huwa navyo. Ya pili, ambayo tunaipenda zaidi, ni kushusha kimo hadi sentimita 45 na kutumia kioo cha milimita 15. Mbuna ni samaki wa miambani; wanahitaji eneo la sakafu na mapango kuliko kimo, hawatapoteza kitu. Ila tangi wazi halina pa kulaza kifuniko. Samaki wanaofukuzana huruka nje, na katika joto la Dar maji hupungua kila siku huku chumvi na chokaa vikibaki na kukolea. Ongeza maji, lakini pia badilisha sehemu yake kila wiki.

Tangi la kimo cha sentimita 60, likijaa pamoja na mawe, litafika kilo 750 au zaidi. Kinara, yaani meza ya kubebea tangi, kiwe cha skwea paipu, kipimwe kwa pimamaji pande zote nne. Kama kimeinama, weka vibao chini ya miguu, kamwe si kati ya kinara na tangi. Chini ya tangi tandika ile povu nyeupe ngumu ya kufungia televisheni, unene sentimita 1. Punje moja ya kokoto hapo inatosha kupasua sakafu ya kioo.

Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni inaua samaki. Iachwe siku saba, kisha jaza maji nje ya nyumba kwa siku mbili. Vuta uzi kutoka kona hadi kona ya juu mbele: kioo kikiupita uzi kwa milimita 1 au 2 ni kawaida, kikizidi 3, punguza maji umwite fundi.

SWALI: Tangi langu la zamani lina fremu ya plastiki, na mkanda wake wa katikati umepasuka. Niukate kabisa liwe wazi?
Msomaji wa Mombasa

JIBU: Usiukate. Kioo cha matangi ya fremu huwa chembamba kwa sababu fremu ndiyo inayosaidia kubeba. Leo hii toa maji yabaki nusu ya kimo. Msukumo utashuka hadi robo. Mkanda wa plastiki aghalabu hupasuka kwa joto la taa iliyolazwa juu yake, kwa hiyo inyanyue taa.

Kurekebisha, toa maji yote na subiri vioo vinyooke vyenyewe. Kwangua silikoni yote ya zamani mahali pa kazi kwa wembe, kwa kuwa mpya haishiki juu ya kuukuu, kisha futa kwa spiriti. Gundisha vipande viwili virefu vya kioo chini ya fremu, mbele na nyuma, na juu yake mkanda wa kukatiza wa sentimita 12. Shika kwa jiliwa (kibano cha fundi) lenye vibao laini, likazwe kwa vidole tu. Siku saba, ndipo ujaze, robo kwa robo, uzi ukiwa mkononi.